Bunduki za Kale za .22: Jinsi ya Kuzichagua, Kuzikagua na Kuzipiga bila Kuziharibu

Kila anayeanza kukusanya bunduki za kale za .22, yaani zenye mtutu wa kipenyo cha takribani sehemu 22 za mia za inchi, huuliza maswali yaleyale: je, bunduki ya mwaka 1895 iliyonunuliwa mnadani inaweza kupigwa leo, itumie risasi gani, na kwa nini ganda linagoma kutoka? Mwongozo huu unayajibu kwa utaratibu wa kazi yenyewe. Umeandikwa hasa kwa Waswahili wanaoishi Marekani, kwa kuwa huko ndiko bunduki nyingi za aina hii zilikotengenezwa na ndiko zinakouzwa hadi leo. Aliye Afrika Mashariki anaweza kujifunza ukaguzi na usafishaji, lakini sheria zinazotajwa hapa si zake, na inampasa aulize kwanza mamlaka ya leseni za silaha ya nchi yake.

Tunazungumzia bunduki zinazotumia risasi ambazo fataki yake, yaani kemikali inayowasha baruti, imejazwa ndani ya ukingo wa kitako cha ganda, wala si katikati ya kitako. Pini hugonga ukingo huo, ukabanwa dhidi ya mdomo wa chemba (tundu la nyuma ya mtutu linalopokea risasi), na fataki ikawaka. Ili ukingo uweze kubonyea, ganda zima lazima liwe jembamba, na wembamba huo ndio chanzo cha karibu kila onyo lililomo humu. Louis-Nicolas Flobert wa Paris alianza kuzitengeneza risasi za namna hii miaka ya 1840, Smith & Wesson wakatoa .22 Short mwaka 1857, na kiwanda cha Stevens cha Massachusetts kikatoa .22 Long Rifle mwaka 1887. Hiyo ya mwisho ndiyo inayouzwa madukani hadi leo, na hapo ndipo mtego ulipo: risasi ya kisasa huingia katika bunduki ya kale bila kupingwa na chochote, ilhali bunduki yenyewe iliundwa kwa baruti nyeusi na chuma laini.

Sheria, kwa ufupi

Kwa sheria ya shirikisho la Marekani ya mwaka 1968, bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla ya hapo huhesabiwa kuwa ya kale, na haibanwi na masharti ya kawaida ya ununuzi. Sheria za majimbo na miji zinaweza kuwa kali zaidi, basi zisome kabla ya kununua. Iliyotengenezwa baada ya 1898 ni silaha kama nyingine yoyote, ingawa yenye umri wa miaka 50 au zaidi inaweza kununuliwa kwa leseni ya mkusanyaji, ambayo ada yake ni dola 30 kwa miaka mitatu na humtaka mwenye leseni aandike kila ununuzi katika daftari.

Wengi wetu tunapaswa kuangalia na jambo la pili. Mtu aliyeingia Marekani kwa viza ya muda, kwa mfano ya mwanafunzi, kwa jumla haruhusiwi kumiliki bunduki wala risasi, isipokuwa katika hali chache kama vile kuwa na leseni halali ya uwindaji. Bunduki ya kale inaweza kuwa nje ya katazo hilo, lakini risasi mpya za kuipiga hazimo katika msamaha huo. Kama hali yako ya uhamiaji haijatulia, muone wakili kwanza.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Miwani ya kinga na vizuia sauti vya masikio. Miwani si hiari hata kidogo, kwa kuwa ganda jembamba likipasuka gesi hurudi usoni.
- Taa ndogo ya kumulika ndani ya mtutu.
- Fimbo ya kusafishia iliyofunikwa plastiki, brashi ya shaba ya ukubwa wa .22, na vipande vya kitambaa cha pamba.
- Kalipa ya kupimia sehemu za milimita.
- Bisibisi za mafundi bunduki, ambazo ncha zake zina kuta sambamba na hujaa sawasawa katika mfuo wa skrubu. Bisibisi ya kawaida ina ncha ya kabari, hupanda juu ya mfuo na kuukwangua.
- Mafuta mepesi ya bunduki, na mafuta ya kitani kwa ajili ya mbao.
- Namba ya simu ya fundi bunduki anayezijua za zamani.

Hatua za kazi

1. Amua kama unanunua ya kupiga au ya kutazama. Uamuzi huu hutangulia bei na hutangulia jina la kiwanda. Bunduki ya Henry ya mwaka 1860 na Winchester ya 1866 zilitumia risasi za ukingo za .44, na Spencer zilizopiganiwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani zilitumia kubwa kuliko hizo. Risasi za aina hizo zimekoma kutengenezwa, kwa hiyo anayezinunua ananunua historia. Ndivyo ilivyo pia kwa Vetterli ya jeshi la Uswisi, ambayo watu huihamishia pini katikati ili ipige risasi za kujazwa upya. Kitendo hicho huipunguzia thamani, na mimi sikishauri kwa bunduki ambayo bado ni nzima.

Kwa anayetaka kupiga, nunua ya .22. Stevens Favorite, iliyouzwa kwa wingi tangu katikati ya miaka ya 1890, ni ya risasi moja moja, ni nyepesi, na bei yake humfaa anayeanza. Remington Nambari 4, iliyotengenezwa kuanzia 1890 hadi 1933, nayo ni nyepesi, lakini ikaguliwe kwa makini kwenye mhimili wa nyundo na kizibo, yaani kipande kinachofunga chemba kwa nyuma. Winchester ya 1890, iliyobuniwa na ndugu wawili John na Matthew Browning, ni ya kuvuta kwa mkono wa mbele. Ni nzuri sana, ila nyingi zilifanya kazi katika vibanda vya kulenga shabaha vya maonyesho, zikapigwa mchana kutwa kwa miaka mingi hadi mifereji ya ndani ya mitutu yake ikafutika kabisa. Marlin ya 1891 ndiyo bunduki ya wenzo iliyoweza kupokea .22 Short, Long na Long Rifle kwa kubadilishana bila kurekebishwa, na warithi wake wa 1892 na 1897 hupatikana kwa urahisi zaidi. Usianze na aina za .25 Stevens au .32 kwa sababu tu ni za bei nafuu. Unafuu huo unatokana na kukosekana kwa risasi.

2. Hakikisha haina risasi, kisha hakikisha tena. Fungua chemba na uitazame, halafu uiguse kwa kidole kidogo au kijiti. Kama ina magazini ya bomba chini ya mtutu, toa bomba la ndani, inamisha bunduki na uichezeshe mara kadhaa, kwa sababu risasi moja hupenda kubaki mwishoni mwa bomba lenye uchafu wa miaka. Usiweke uso wala mkono mbele ya mdomo wa mtutu unapofanya hivyo.

3. Kagua kabla ya kulipa. Mnunuzi mwenye haraka hutazama mbao na maandishi. Wewe anza na skrubu. Mifuo iliyokwanguliwa inasema kwamba kuna mtu alifungua asiyekuwa na kifaa wala subira, na ndani yaweza kuwamo springi ya kuokoteza. Herufi za kiwanda zikiwa zimefifia kingo ilhali rangi ya chuma inang'aa kama mpya, bunduki hiyo imesuguliwa na kupakwa upya, na thamani yake kwa mkusanyaji imeshuka hata kama inapendeza macho.

Pitisha vidole polepole juu ya mtutu mzima, kisha uuelekeze kwenye dirisha na utazame jinsi mwanga unavyotembea juu yake. Mwanga ukivunjika na kufanya pete mahali fulani, mtutu umevimba, yaani kuna risasi iliyowahi kukwama humo na nyingine ikapigwa nyuma yake. Mtutu wa namna hiyo usiupige. Ukimulika ndani, tarajia mashimo madogo ya kutu: hadi mwishoni mwa miaka ya 1920 fataki nyingi ziliacha chumvi ndani ya mtutu, chumvi hiyo ikavuta unyevu, na asiyesafisha jioni ileile alikuta kutu asubuhi. Mashimo machache katikati ya mtutu hayazuii kulenga vizuri. Mashimo ndani ya chemba, au mdomo wa mtutu uliolika upande mmoja kwa kusuguliwa na fimbo ya chuma, ni hasara kubwa zaidi.

Mwisho, jaribu nyundo. Ivute hadi kituo cha nusu, kisha bonyeza triga kwa nguvu ya kawaida. Nyundo haitakiwi kuanguka. Ivute hadi mwisho na uisukume mbele kwa kidole gumba bila kugusa triga. Hapo pia isianguke. Kizibo kikishafungwa, kisukume na kukivuta kwa mkono. Mchezo mdogo ni wa kawaida kwa umri huo, lakini kikitikisika hadi sauti isikike, mpelekee fundi kabla ya kutoa fedha, au iache.

4. Tambua chemba yake kwa hakika. Soma maandishi juu ya mtutu, lakini usiyaamini peke yake, kwa sababu wapo mafundi wa zamani waliotoboa chemba iwe ndefu zaidi wasiandike lolote. Winchester ya 1890 iliuzwa kwa chemba tofauti tofauti, na ile ya .22 Short haikuwa na nafasi ya .22 Long Rifle. Ganda la Short lina urefu wa milimita 10.7 hivi, na la Long Rifle milimita 15.6 hivi.

Kosa linaloumiza zaidi linahusu .22 WRF (Winchester Rim Fire), risasi nene zaidi ya mwaka 1890. Ganda lake lina unene wa takribani milimita 6.1, na la Long Rifle 5.7. Long Rifle itaingia humo, italegea, itafyatuka, na ganda litapasuka kwa urefu. Kinyume chake, usijaribu kuingiza .22 Magnum ya mwaka 1959 katika chemba ya WRF. Zinalingana unene, lakini Magnum ni ndefu na ina nguvu ambayo chuma kile hakikuundwa kuihimili.

Penye shaka, mwaga kalibu ya chemba kwa Cerrosafe, aloi inayoyeyuka chini ya nyuzi 90 za Selsiasi. Safisha chemba, ziba mtutu kwa kitambaa mbele kidogo ya chemba, mwaga aloi, iache igande, kisha uisukume itoke kwa fimbo kutoka mdomoni. Aloi hii hunywea kwanza na baadaye hupanuka, kwa hiyo ipime kwa kalipa saa moja baada ya kumwaga, wakati ukubwa wake unapolingana na chemba. Ina madini ya risasi na kadimi: ifanyie kazi penye hewa na unawe mikono.

5. Safisha, lakini usiirudishe ujana. Lainisha mtutu kwa mafuta, uache ulale usiku mzima, kisha pitisha brashi na vitambaa hadi vitoke na weusi hafifu. Safisha kutokea nyuma panapowezekana. Kwa bunduki za wenzo na za kuvuta, ambazo hulazimu fimbo ipite mdomoni, tumia kizibo cha kuongozea fimbo ili isisugue kingo. Kutu nyekundu ya nje hutoka kwa mafuta na sufu laini sana ya chuma, kwa shinikizo jepesi. Weusi wa kahawia uliotulia juu ya chuma uuache, maana wakusanyaji huulipia. Msasa hauna nafasi katika kazi hii.

6. Mpelekee fundi bunduki. Mwombe apime nafasi kati ya kizibo na mdomo wa chemba kwa vipimo vya .22, atazame urefu na umbo la ncha ya pini, na aangalie kama kuna ufa wowote. Ada yake ni ndogo ukilinganisha na jicho lako.

7. Chagua risasi kwa kuhurumia chuma. Risasi za kasi kubwa zilianza kuuzwa karibu na mwaka 1930, na bunduki yoyote iliyotangulia hapo haikuundwa kwa ajili yake. Tafuta katoni iliyoandikwa kasi ya kawaida au chini ya kasi ya sauti, yenye risasi ya madini ya risasi tupu isiyopakwa shaba. Ya uzito wa gramu 2.6 hutoka kwa takribani mita 325 kwa sekunde, na za kasi kubwa hufika mita 375 na zaidi. Tofauti hiyo huonekana ndogo kwenye karatasi, lakini kizibo cha Favorite kinachoshikiliwa na skrubu mbili huihisi kila mara. Kwa bunduki dhaifu zaidi zipo risasi za nguvu ndogo ziitwazo CB, ambazo risasi yake ya gramu 1.9 hutoka kwa mita 215 hivi.

Kama chemba yako ni ya Long Rifle, chagua CB zenye ganda la Long badala ya Short. Ganda fupi likipigwa mara nyingi katika chemba ndefu, moto huchimba pete mbele ya mdomo wa ganda, na siku utakaporudi kwenye risasi ndefu, ganda litapanuka ndani ya pete hiyo na kung'ang'ania. Kwa WRF, viwanda hutoa risasi kwa vipindi, si kila mwaka. Ukizikuta dukani, nunua za kutosha.

8. Fanya majaribio ya kwanza uwanjani. Enda kwenye uwanja wa shabaha, ueleze wasimamizi una bunduki ya namna gani, na uanzie yadi 25. Laza bunduki juu ya mifuko ya mchanga, weka risasi moja tu hata kama magazini ipo, na usiweke ya pili hadi umetazama ganda la kwanza. Wapo wanaofunga bunduki mezani na kuvuta triga kwa kamba wakiwa mbali. Kwa maoni yangu, bunduki inayokutia shaka kiasi hicho ingebaki ukutani. Katika zile za kuvuta, achia triga kabisa kabla ya kuingiza risasi nyingine, kwa kuwa baadhi yake hufyatuka mara kizibo kinapofunga ikiwa triga bado imebanwa.

9. Soma maganda. Hapa tulia, kwa sababu ganda tupu linasema yote ambayo bunduki inaficha. Lishike kwenye mwanga na ulizungushe kati ya kidole gumba na cha shahada. Alama ya pini iwe ukingoni, yenye kina cha kueleweka, bila tundu. Mwili uwe mnyoofu kama ulivyoingia. Ukiona tumbo upande mmoja karibu na kitako, kizibo hakifungi sawasawa. Ukiona ukingo umevimba na kuwa mnene kuliko wa risasi mpya, nafasi ya kizibo ni kubwa mno. Masizi mepesi karibu na mdomo wa ganda si tatizo kwa risasi za nguvu ndogo. Masizi yanayofika kitakoni ni gesi inayorudi nyuma. Maganda matano ya kwanza yawekwe katika bahasha yenye namba ya bunduki, ili uyalinganishe na ya baadaye.

10. Baada ya kupiga. Pitisha kitambaa chenye mafuta na uikaushe. Usiihifadhi ndani ya mfuko wa ngozi, kwani dawa za ngozi huleta kutu. Kabati la chuma lenye kufuli na vifuko vya kukausha unyevu latosha. Nawa mikono na uso kwa sabuni kabla ya kula, hasa ukitoka kwenye uwanja wa ndani ambako vumbi la risasi hujaa hewani.

Tahadhari moja imewagharimu wengi: usifyatue triga bila risasi ndani. Pini hugonga mdomo wa chemba moja kwa moja na kuacha jino dogo la chuma linaloingia ndani ya njia ya risasi.

Matatizo na namna ya kuyatatua

*Risasi haikuwaka.* Subiri nusu dakika mtutu ukiwa umeelekea shabaha, kisha fungua. Alama ya pini ikiwa hafifu, safisha kwanza mafuta yaliyoganda ndani ya njia ya pini. Mara nyingi hilo hutosha. Isipotosha, springi imechoka au pini imelika. Alama ikiwa ya kina, lawama ni ya risasi: jaribu katoni nyingine.

*Ganda linakwama.* Pitisha kijiti cha pamba kwenye mdomo wa chemba. Kikinasa nyuzi, kuna jino lililotokana na kufyatua bila risasi, na fundi hulirudisha mahali pake kwa kifaa maalumu bila kukata chuma. Kama mdomo ni laini lakini mbele yake pana pete, hayo ni makovu ya .22 Short; chemba itahitaji kuwekewa bomba jipya la ndani, kazi ambayo gharama yake inaweza kuizidi bei ya bunduki.

*Risasi zinapiga shabaha ubavu na kuacha matundu marefu.* Mifereji ya mtutu imejaa madini ya risasi au imelika. Sugua vizuri na ujaribu tena. Angalia pia kama unapiga Long Rifle katika mtutu uliokatwa kwa ajili ya Short, ambao msokoto wake ni wa polepole na hauizungushi vya kutosha risasi nzito.

*Mlio ulikuwa mdogo na hakuna tundu kwenye shabaha.* Acha papo hapo. Toa kizibo au fungua chemba, mulika, na ukikuta risasi ndani uisukume kwa fimbo ya shaba kutoka upande ulio karibu. Ukipiga nyingine nyuma yake utapata ile pete iliyotajwa katika hatua ya tatu.

*Gesi au chembe zimekugusa uso.* Siku hiyo usiendelee, hata kama ganda linaonekana zima. Weka ganda hilo pembeni, andika aina ya risasi uliyotumia, na uvipeleke vyote pamoja na bunduki kwa fundi.